Upande wa Mlangoni

"Sema tena," mke wa Fundi Saa alisema, mkono mmoja kiunoni, wa pili ukiushikilia mgongo uliokuwa ukimsumbua tangu wiki iliyopita. "Sema tena na Nesi asikie, nisije nikaambiwa nimekusingizia."

"Narudia. Nimekuja mara nne."

"Mara nne wapi? Kwenye nyumba hii?"

"Nyumba hii, mlango huu, kizingiti hiki hiki ulichokisimamia. Mara nne, shemeji. Na mara zote nne mumeo kanifanya hewa. Tena afadhali hewa, hewa huvutwa."

Nesi alikuwa amefika katikati ya maneno hayo, begi begani, kisigino cha kiatu kimoja kimelegea na kikipiga ko-ko kila akikanyaga. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Walibaki wagonjwa wanne wa kuwafikia, simu ilikuwa ikimtetemekea mfukoni, na hakuna mtu kati ya hawa wawili aliyeonyesha nia ya kumpisha apite.

Aliyekuwa akijitetea ni fundi viatu wa nyumba ya tatu kutoka hapo. Mtaa mzima ulimwita Gundi, kwanza kwa harufu yake, pili kwa tabia yake: akikaa kwako habanduki. Miaka ishirini na miwili yeye na Fundi Saa walitumia baraza moja, meza ya saa huku, kigoda cha viatu huku. Gundi alikaa kushoto kwa mwenzake, kwa sababu yeye ni wa mkono wa kushoto na hakutaka nyundo yake imgongee mwenziwe kiwiko wakati ameshika skrubu ndogo kama chembe ya mchanga. Waliongea kutwa bila kutazamana, kila mtu macho kwenye kazi yake, na ukiwasikia unadhani wanagombana.

Halafu Fundi Saa akaanguka. Kiharusi. Wiki tatu hospitali, wiki nne sasa nyumbani, na upande wa kushoto wa mwili wake umelala kama mguu uliokaliwa.

"Mume wangu kila siku ananiambia, Gundi hajakanyaga hapa," mke wa Fundi alisema. "Kila siku. Asubuhi akiamka, hajakanyaga. Jioni, hajakanyaga. Na mume wangu miguu ndiyo imelala, ulimi haujalala. Kichwa chake kizima. Anakumbuka mpaka tarehe tuliyonunua kabati."

"Basi kichwa kizima kimeamua kunisahau."

"Mimi nakaa hapa kutwa," ilisema sauti kutoka ng'ambo, "na sijamwona akiingia." Alikuwa Mama Taarifa, kaegemea dirisha lake, kidevu kwenye viganja, kama aliyewahi kiti cha mbele.

"Wewe saa saba mchana unakuwa umelala mdomo wazi," Gundi alimjibu bila kugeuka. "Mimi huja saa hiyo, nikifunga kazi kwa chakula, na shemeji huwa jikoni. Nikipita dirishani kwako nakuhesabia meno."

Mama Taarifa alicheka, hakukasirika. Watu walisimama mtaani pale kwa kisingizio cha kufunga kamba za viatu.

Nesi alitaka kuwaambia wapishe, kisha akashindwa, kwa sababu neno hilo, hajakanyaga, lilikuwa limemgusa pabaya. Yeye mwenyewe alilisikia mara nane, kila alipokuja kumgeuza mgonjwa, kumpima presha na kumnyoosha viungo. Na yeye mwenyewe alikuwa amemchukia huyu Gundi bila kumjua. Si kuchukia hivi hivi. Ndani ya begi lake mlikuwa na fomu, karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, ambayo haingekuwepo kama jirani huyu angekuwa jirani.

Fomu yenyewe aliletewa na mdogo wake Fundi Saa. Bwana huyo alikuja siku tatu zilizopita, akamtazama kaka yake kitandani, akamtazama shemeji yake alivyojipinda mgongo, akasema: huyu anakwenda kwangu. Kwake ni safari ya siku nzima, ghorofa ya nne, chumba cha nyuma. "Wewe shemeji utakuwa unakuja kumtembelea," alisema, kwa upole, na upole ule ndio ulimliza mwanamke. Kesho asubuhi angekuja na gari. Alichohitaji ni sahihi ya Nesi kwamba nyumbani hapa mgonjwa hana wa kumhudumia ipasavyo.

Na Nesi angesema nini? Ilikuwa kweli. Mgonjwa wa namna ile anataka kugeuzwa kila saa mbili, la sivyo ngozi ya matako na visigino inaoza. Anataka kukalishwa kitini asubuhi na kurudishwa jioni, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Mke alikuwa mmoja, na huyo mmoja mgongo umeshaanza kumlipiza. Nesi mwenyewe alikuja mara mbili kwa wiki. Jana usiku alikuwa ameshajaza nusu ya fomu, akaishia kwenye sahihi, akainuka kunywa maji, akarudi, akaiangalia tena, akaenda kuangalia kama amefunga mlango.

"Haya, mara nne," mke wa Fundi alisema. "Ulileta nini? Mtu anayekwenda kumwona mgonjwa haji mikono mitupu. Nionyeshe ulichoacha."

Gundi alijikuna shingo kwa kidole chenye alama nyeusi za rangi ya viatu.

"Mkanda," alisema.

"Mkanda gani?"

"Ule wa ngozi. Mpana, wenye mishikio miwili kama ya kikapu. Safari ile ya pili nilikukuta unamnyanyua kwa kumvuta mkono, wewe hukuniona, ulikuwa umenipa mgongo, nikaondoka. Nikasema huyu atamng'oa bega. Nikakaa siku tano nikaushona, uzi mara mbili. Safari ya tatu nikauleta. Nikamwambia, bwana, mkanda huo hapo. Akaongeza sauti ya redio. Nikautundika msumarini nikaenda zangu."

Nesi alichungulia ndani, ukutani.

Mkanda ule alikuwa akiutumia kwa wiki mbili. Alimfunga nao Fundi kiunoni, akashika mishikio, wakasimama naye pamoja. Haukuwahi kuteleza. Aliukuta siku moja kwenye msumari ukutani, karibu na mlango, akadhani ni wa hospitali, akawasifu hospitali moyoni, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Mama," alimgeukia mke wa Fundi. "Ule mkanda si mlipewa hospitali?"

"Mkanda? Ule si wa kwako? Mimi nilijua umeuacha wewe."

Walitazamana. Kule dirishani Mama Taarifa alitoa kidevu kwenye viganja.

"Kwa hiyo nilikuja," Gundi alisema taratibu.

"Ulikuja," Nesi alisema. "Subirini hapa. Hapana, msisubiri. Njooni. Baba, wewe ingia kwanza. Ingia kama ulivyoingia siku zile, simama pale pale uliposimama, msalimie. Mama, wewe kaa nyuma yangu, usiseme kitu."

"Anidharau tena mbele ya watu?"

"Mara ya tano haiui."

Chumba cha mbele kilikuwa kimepangwa upya tangu Fundi arudi. Kitanda kilitolewa chumbani kikaegemezwa kichwa ukutani. Akilala chali, mkono wake wa kushoto ulielekea mlangoni na wa kulia dirishani. Mke wake, kwa huruma, alimpangia kila kitu upande mzima, asihangaike kukifikia: redio kulia, maji kulia, dawa kulia, kiti pekee cha wageni kulia. Nesi alikuwa ameingia humo mara nane, na mara zote nane alipita miguuni mwa kitanda, akazunguka, akakaa kwenye kile kiti. Kwa nini asimame na kiti kipo?

Gundi aliingia hatua mbili, akasimama upande wa mlangoni, karibu na msumari wenye mkanda. Alivua kofia.

"Saa Mbovu," alisema. Ndivyo walivyotaniana miaka yote. "Habari za leo?"

Fundi Saa alikuwa ameketishwa na mito mitatu. Shavu la kulia lilikuwa limenyolewa likang'aa. La kushoto lilikuwa na ndevu nyeupe za wiki nzima. Mama Taarifa alishautangazia mtaa kwamba mzee amechanganyikiwa, ananyoa nusu. Nesi alikuwa amesema kachoka tu, amalizie kesho.

Aliposikia sauti, Fundi aliinua kichwa kidogo. Akakigeuzia dirishani. Akaitazama redio, ambamo mtu mmoja alikuwa akiongea kuhusu mbolea, akanyoosha mkono wa kulia na kuiongeza sauti.

Gundi alirudisha kofia kichwani. "Umeona?" alimwambia mke wa Fundi, lakini sauti haikuwa na ushindi ndani yake.

Mwanamke alikuwa ameziba mdomo. "Hee. Baba watoto. Mgeni anakusalimia."

"Mgeni yuko wapi?" Fundi aliuliza dirisha. Maneno yake yalikuwa yakitoka mazito kidogo, kama mtu anayeongea huku anatafuna. "Huyo ni wa redioni. Gundi ndiye ningependa anisalimie. Hajakanyaga hapa huyo."

Hakuna aliyecheka. Nesi alikuwa tayari anapekua begi, akitoa pamba, akitoa kipimo, akitafuta karatasi yoyote, na mikono yake haikutulia. Nusu ya ndevu. Sahani. Sahani jamani. Kwenye daftari lake aliandika mara tatu, kwa mwandiko wake mwenyewe, hamu ya chakula hafifu, anabakiza nusu. Na mke wa mgonjwa, akiona nusu inarudi, akapunguza kinachopakuliwa. Naye akala nusu ya hicho. Wiki nne.

Alipata karatasi. Aliikunjua, akaiweka juu ya ubao wa kulia chakula, upande usioandikwa kitu ukiwa juu, akaupeleka mbele ya mgonjwa, na kumpa kalamu.

"Baba, nichoree saa. Ya ukutani. Duara na namba zake zote."

"Saa?" Fundi alichangamka. "Binti, hilo ni swali la kuniuliza mimi?"

Alichora duara kwa mpigo mmoja, mkono ukiwa hewani, bila kutetemeka, duara ambalo wewe na mimi hatungelipata hata kwa kikombe. Kisha akaanza namba. Kumi na mbili juu, mahali pake. Moja, mbili, tatu, zikishuka upande wa kulia. Nne, tano. Kisha sita, saba, nane zikaanza kubanana, tisa ikapanda juu ya nane, kumi na kumi na moja zikasukumwa chini pembeni kama watu wanaogombea mlango mmoja. Zote kumi na mbili upande wa kulia. Upande wa kushoto wa saa ulikuwa mweupe, mtupu.

Fundi aliitazama kazi yake, akaridhika. "Saa nzuri hiyo," alisema. "Inataka mishale tu."

Mke wake alitoka nje akasimama uani. Walimsikia akivuta pumzi.

Nesi alimfuata, na Gundi akamfuata Nesi, na hapo uani, kati ya ndoo na kamba ya nguo, Nesi aliwaeleza kwa haraka, mikono ikisema zaidi ya mdomo. Macho ya mzee ni mazima, ukiyapima yanaona. Masikio mazima. Kilichoumia ni mahali kichwani panapomwambia mtu kwamba kuna kushoto. Kwake yeye kushoto hakupo. Si giza, si ukungu, hakupo tu, kama nyie msivyo na habari ya kilicho nyuma ya kisogo chenu. Hajui kwamba hajui. Sauti ikitoka huko, anamtafuta mwenye sauti upande anaoujua, na upande huo kuna redio.

"Na mimi," mke wa Fundi alisema, "nimempangia kila kitu kule kule."

"Umempangia kwa upendo. Mimi ndiye niliyesomea, na nimekaa kwenye kiti hicho hicho mara nane." Nesi alijipiga pajani kwa begi. "Waliomruhusu hospitali waliandika udhaifu wa upande wa kushoto, nikaishia hapo hapo. Sikutazama. Nilikuwa nawahi kwa mwingine."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwona Nesi kasimama bila kutikisa kitu. Haikuchukua muda. Simu ilitetemeka, akaizima.

Gundi alikuwa akitazama chini. Mtu angedhani atafurahi.

"Kwa hiyo hakunidharau."

"Hakukudharau."

"Ila kila mtu mtaani anajua sikukanyaga. Wiki nne nimepitiwa pembeni kama chura. Juzi mtu kaja kuchukua viatu vyake kabla sijavimaliza, akaniambia, mtu asiyemjali rafiki yake atajali soli yangu?" Alimgeukia Nesi. "Hilo nalo lina dawa, Nesi?"

Mke wa Fundi hakumtazama. Alikunja kona ya kitenge, akaikunjua. "Hayo niliyasambaza mimi," alisema. "Si yeye. Yeye alikuwa akiniambia mimi tu, kitandani pale. Mimi ndiye niliyeyapeleka ng'ambo." Aliashiria kwa kidevu kule kwa Mama Taarifa. "Na ukishayapeleka ng'ambo, hayarudi."

"Yatarudi," Gundi alisema. "Yule akipata habari mpya huifuta ya zamani."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu ambao hawajasameheana lakini wameona njia. Kisha mwanamke akakumbuka kesho, na uso ukafunga.

"Yote ya nini," alisema. "Kesho anaondoka. Huko kwa mdogo wake watamweka tena upande wanaoutaka wao."

Ghorofa ya nne, chumba cha nyuma, watu wasiomjua, na mzee akae akiwaambia mkewe hajakanyaga, mke akiwa amesimama mlangoni. Nesi aliiona picha nzima, ikampanda mwilini kama siafu.

"Baba," alimwambia Gundi, "nikuulize kitu, na usinijibu kwa hasira wala kwa huruma. Asubuhi saa moja na jioni saa kumi na mbili. Dakika ishirini kila mara. Wewe unashika mkanda upande mmoja, mama upande mwingine, mnamsimamisha, mnamkalisha. Kila siku, Jumapili ikiwemo. Unaweza?"

Gundi aliuliza: "Akigeuzwa ubavu, mto unakaa wapi?"

"Chini ya mkono uliolala. Na mwingine kati ya magoti."

"Hamna mto chini ya mkono. Nimeona. Mkono unaning'inia. Lakini mimi nitasimama upande gani? Nikienda kule dirishani, ataniona. Nikikaa huku kwangu, hapana. Na miaka yote nimekaa huku kwangu."

"Kaa huko huko kwako. Huko ndiko tunakotaka aende." Nesi alikuwa ameshaanza kurudi ndani. "Unayo nyundo?"

"Fundi viatu anatoka bila nyundo?" Alikuwa nayo mfuko wa nyuma, ndogo, mpini umeng'aa kwa jasho la miaka.

"Njoo nayo."

Ndani, Nesi alifanya mambo kwa kufuatana, na safari hii alitulia kwa kila moja. Alizima redio. Alivuta pazia la dirisha. Alikiondoa kiti, akakipeleka upande wa mlangoni, na kile chumba kikaonekana kama kimegeuzwa ndani nje. Aliuchukua mkono wa kushoto wa mzee, mzito na wenye joto, akaupandisha juu ya mto, akamwambia, "Huu ni mkono wako, baba," na kuusugua polepole kutoka kiganjani mpaka begani. Mzee aliutazama ubao mbele yake, hakuutazama mkono.

Gundi alikaa kwenye kiti. Alitafuta cha kugonga. Meza? Meza inatoa sauti ya ujinga, alisema. Nesi alivua kiatu chake, kile cha kisigino kilicholegea, akampa.

Gundi alikigeuza, akakiweka juu ya goti kwa mazoea, akapachika msumari mdogo kutoka mfukoni, maana misumari pia huwa hatoki bila hiyo. Akagonga. Taratibu kwanza. Ko. Ko. Ko-ko.

Fundi aliacha kutazama ubao.

"Endelea," Nesi alinong'ona.

Ko. Ko-ko.

"Hicho kisigino cha mwanamke," Fundi alisema. Alikuwa akilitazama pazia, lakini kwa wasiwasi, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyoizoea. "Kirefu kidogo. Anatia msumari mmoja. Mmoja hautoshi, nimemwambia tangu lini, tia miwili."

"Anagonga nani, baba?" Nesi aliuliza. Alikuwa amechuchumaa kando ya Gundi, mguu mmoja peku, mkono wake ungali juu ya mkono wa mzee.

"Si Gundi huyo? Nani mwingine anagonga kwa kushoto? Sauti yake inachechemea." Kichwa kilianza kugeuka. Kilipita dirisha, kikapita redio iliyozimwa, kikafika katikati, kwenye miguu ya kitanda ambapo mke wake alikuwa amesimama amejishika mgongo. Hapo kikakwama. Kwa mzee dunia ilikuwa inaishia hapo.

Gundi aliacha kugonga. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Usiache," mke wa Fundi alisema. "Gonga."

Aligonga. Aliinama mbele, akasogeza kiatu karibu, akagonga tena, na huku akigonga akasema, kwa sauti ile ile ya barazani, ya kumwambia mtu asiyemtazama: "Saa Mbovu. Yule mzee wa saa ya mfukoni amekuja mara mbili kuiulizia. Nimemwambia umesafiri. Sasa nimweleze umerudi au bado upo njiani?"

Shingo ilikakamaa. Kidevu kilisogea nusu inchi, kikarudi, kikasogea tena. Macho ndiyo yaliyotangulia. Yalivuka ile miguu ya kitanda kama mtu anayevuka mtaro gizani, yakagusa pindo la shuka, yakagusa mkono uliokuwa juu ya mto, yakaushangaa, yakapanda kwenye nyundo, kiatu, goti, shati, uso.

Yalikaa hapo.

"Wewe," Fundi Saa alisema. "Umekaa hapo tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Na mnaniacha naongea na mbolea."

Mke wake alicheka mpaka akalazimika kushika kitanda. Macho ya mzee yaliponyoka, yakarudi kulia yenyewe, kama mlango wenye springi. Gundi akagonga mara moja, yakarudi. Ndivyo itakavyokuwa, Nesi aliwaambia. Siku nyingi. Mtamwita kutoka huku, mtampa maji kutoka huku, mtamnyoa mkianzia huku. Kuna siku atawachosha mtamani kukirudisha kiti dirishani. Msikirudishe.

Ndipo alipokumbuka karatasi. Ilikuwa bado pale kwenye ubao, na saa yenye namba zote upande mmoja. Aliigeuza. Upande wa pili ilikuwa ile fomu, jina la mgonjwa kwa mwandiko wake, nafasi ya sahihi tupu, na kalamu ya Fundi ilikuwa imekandamizwa kwa nguvu hivi kwamba duara lilikuwa limetokeza mpaka upande huu.

"Imeharibika," mke wa Fundi alisema, akichungulia.

"Imeharibika," Nesi alikubali. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye begi. "Mimi kesho nitakuwa hapa saa moja, kabla ya hilo gari. Shemeji yako atanikuta, na atamkuta huyu ameshika mkanda. Tutaongea naye. Kama bado ana fomu nyingine, nitaijaza kwa ninayoyaona kesho, si kwa niliyoyaona jana."

"Atakasirika."

"Akasirike amekaa. Akae kiti hiki hapa, upande wa mlangoni. Aone anavyojibiwa."

Mwanamke alikwenda jikoni, akarudi na sahani ya wali na maharage, kiasi cha mtoto. Nesi aliitazama. Mwanamke mwenyewe alikwisha simama, akageuka, akarudi nayo jikoni, na walisikia mwiko ukigonga sufuria kwa hasira. Safari ya pili ilikuwa sahani ya mtu mzima. Akaiweka kwenye ubao, na pembeni yake, upande wa kushoto, Gundi alilaza kipande cha ngozi nyekundu alichokitoa mfukoni, chembamba, cha kuwekea alama. "Chakula kinaishia hapo," alimwambia mwenziwe. "Ukifika kwenye nyekundu ndiyo umemaliza. Kabla ya hapo unadaiwa."

Nesi alivaa kiatu. Kilikaa imara, bila sauti. Wagonjwa wanne walikuwa wanamsubiri na tayari alikuwa amechelewa, mguu wake ulikuwa nje na begi begani, lakini alisimama kidogo mlangoni, akimtazama mzee akila kutoka kulia kwenda kushoto, akisita katikati, kisha nyundo ikigonga mara moja mguu wa kitanda, kijiko kikiendelea.

Kutoka ng'ambo, Mama Taarifa alikuwa amevuka barabara kwa visingizio vyote vilivyopo, bakuli tupu mkononi kama aliyekuja kuazima chumvi. Alisimama kizingitini, nyuma ya Nesi, akinyoosha shingo.

"Kumbe yumo ndani," alisema taratibu.

"Yumo," Nesi alimjibu. "Na ameingia mara tano. Ukatangaze hilo."

Gundi alinyanyuka, akajipangusa mapaja. Alisema amemwacha mtu barazani na kiatu kimoja, ngoja aende, atarudi jioni saa kumi na mbili. Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni, nje ya macho ya rafiki yake.

Kijiko kilisimama. Kichwa cha Fundi Saa kiligeuka, peke yake, bila nyundo, kikapita miguu ya kitanda, kikakwama, kikajisukuma.

"Unakwenda wapi?" alisema. "Mke wangu, huyu hajakanyaga hapa mwezi mzima, na leo unamwacha aondoke na njaa? Mpakulie. Gundi, rudi ukae. Huko huko kwako. Tule."